Siku ya Arobaini na Moja: Mfungwa Anayerudi Nyumbani katika Fasihi Yetu

Utangulizi

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Methali hii tumeisoma tangu shule ya msingi kama onyo, na ni onyo kweli. Lakini hebu tuitazame tena. Kwa watu wa pwani, arobaini ni siku ya kutoka: mzazi hutoka nje na mwanawe, na wafiwa husoma hitima wakarejea kwenye shughuli zao. Ni mwizi peke yake ambaye arobaini yake ni siku ya kuingia ndani. Swali tunalopaswa kujiuliza ni hili: siku ya arobaini na moja inakuwaje? Na siku ile atakayotoka je?

Makala haya yanadai kwamba fasihi yetu imelikwepa swali hilo, na kwamba kulikwepa huko si jambo dogo. Sera yoyote ya kupunguza uhalifu hupimwa siku mfungwa anaporudi mtaani kwake.

Pingu kama tamati

Tuanze na riwaya za upelelezi, maana ndizo zinazosomwa hata na wasiosoma kingine. Tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960) na Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965), muundo wake tunaujua: kosa linatendeka, mpelelezi anahangaika, fumbo linafumbuliwa, mhalifu anafichuliwa. Basi, tumemaliza, kitabu tunakifunga. Hata riwaya nzito zaidi huishia mlangoni. Katika Dunia Uwanja wa Fujo ya Euphrase Kezilahabi (1975), Tumaini anaua na mwisho wake ni kitanzi. Kezilahabi anauliza kwa nini mtu ameua, jambo ambalo riwaya ya upelelezi huwa hailijali sana, lakini kwa kuwa shujaa amenyongwa, suala la kurudi halizuki kabisa.

Wapo watakaosema kwamba hii ni kanuni ya fani tu, kwamba hadithi lazima iishe mahali fulani. Sawa. Lakini mahali hadithi inapoishia ndipo msomaji anapofundishwa kwamba tatizo limeisha. Miaka sitini ya riwaya zinazoishia kwenye pingu imetuzoesha kuamini kwamba kumkamata mtu ndiko kuumaliza uhalifu. Mtaani tumekwenda mbali zaidi: kelele za "mwizi! mwizi!", tairi na kiberiti, na hata huyo mpelelezi hahitajiki tena.

Mfungwa mwenye jina

Atatokea mwenzangu aseme: mbona fasihi ya gerezani tunayo? Ni kweli tunayo, tena ya kujivunia. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu, kuanzia 1969 hadi 1972, kwa sababu ya karatasi yake Kenya: Twendapi?, na humo gerezani akatunga mashairi yaliyotoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Adam Shafi alituletea Haini mwaka 2003. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya nzima juu ya karatasi za chooni katika gereza la Kamiti.

Hawa wote ni wafungwa wa siasa. Tunawasoma kwa heshima kwa sababu tunaamini hawakustahili kufungwa. Aliyeiba kuku, aliyevunja duka, kijana "aliyekula mvua saba" kama wasemavyo vijiweni, hana shairi. Lakini maisha ya hao wenye majina baada ya kutoka yana funzo kwa wasio na majina. Abdilatif alipoachiwa mwaka 1972 alikuja Dar es Salaam akapata kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na lugha yetu imefaidika. Ngũgĩ alipoachiwa Desemba 1978 hakurudishiwa kazi yake ya kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Mmoja alifunguliwa mlango, mwingine alifungiwa. Ikiwa mtu mwenye vitabu na jina duniani aliweza kufungiwa mlango, yule wa mvua saba atabisha hodi wapi?

Meja na Maina

Kazi moja ya hapa kwetu haikuogopa kulijibu swali hilo, nayo imeandikwa kwa Kiingereza: Kill Me Quick ya Meja Mwangi (1973). Inafaa kukumbuka kwamba riwaya hiyo na Sauti ya Dhiki zote zilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Mfungwa wa siasa na mfungwa wa njaa walitunzwa mwaka mmoja. Ni wa kwanza tu tuliyemkaribisha ndani ya Kiswahili.

Meja na Maina ni vijana waliomaliza shule, wakaja Nairobi na vyeti vyao, kazi wasipate. Wanaishi vichochoroni, wanakula majalalani, halafu wanaiba. Uzito wa riwaya haumo katika wizi wenyewe, umo katika mzunguko. Meja anakaribia kwao, anakutana na dada yake mdogo, na aibu inamgeuza njiani kabla hajaonana na wazazi. Gerezani sura ni zile zile: anayetoka anarudi, na chumba kinampokea kama mwenyeji. Hapo ndipo penye ufundi wa Mwangi. Anatuchekesha, halafu tunagundua tunachokicheka: jela ndiyo nyumba pekee isiyowakataa. Maina anaishia kukabili shitaka la mauaji.

Udhaifu wake upo pia. Mwangi anauonyesha mzunguko kana kwamba ni hali ya hewa, kitu kisicho na mwenyewe. Hakuna mtu mwenye uamuzi anayebanwa: mwajiri, hakimu, chifu, jirani. Msomaji anamaliza na huruma nyingi, lakini hajui amdai nani.

Sheria nayo ni matini

Basi tuwatafute wenye uamuzi. Sheria nayo inaweza kuhakikiwa, kwani nayo ina wahusika na ina mwisho. Tanganyika ilipitisha Sheria ya Adhabu za Chini mwaka 1963: kwa makosa yaliyotajwa, kifungo kisichopungua miaka miwili na viboko 24, nusu wakati wa kuingia na nusu wakati wa kutoka. Wazee wanaikumbuka kwa kejeli: kumi na viwili vya kutokea, ukamwonyeshe mkeo. Tazama hadithi inayosimuliwa hapo. Siku ya kurudi kwake, serikali inamwandika mtu mgongoni kwamba bado hajarudi.

Sheria za baadaye zinasimulia hadithi nyingine. Sheria ya Bodi za Parole ya Tanzania ya 1994 inamruhusu mfungwa anayetimiza masharti kumalizia sehemu ya kifungo nje, chini ya uangalizi. Kenya mwaka 1998, na Tanzania mwaka 2002, zilipitisha sheria za huduma kwa jamii: mwenye kosa dogo anafanya kazi ya umma akiwa anaishi kwake, hapotezi familia wala kibarua. Nchini Kenya wafungwa husoma, hufanya mitihani ya taifa na ya ufundi. Halafu anatoka na cheti cha useremala mkono mmoja, na mkono wa pili anadaiwa na mwajiri cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi. Hapo ndipo Meja Mwangi alipotuacha mwaka 1973, na vyeti ambavyo havifungui mlango.

Na aliyeibiwa je? Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa kumsahau. Lakini fikiria: mtu aliyerudi akanyimwa kazi, nyumba na salamu atarudia anachokijua, na atakayelipa gharama si gereza, ni nyumba nyingine mtaani. Anayedai mfungwa asaidiwe kurudi anamtetea pia huyo ambaye bado hajaibiwa.

Hitimisho

Hatudai riwaya ziwe waraka wa wizara. Tunachodai ni kwamba mwandishi wa Kiswahili aanze pale wenzake walipomalizia: lango linafunguka, mtu ana nauli ya basi mfukoni, kijijini mama anajua na majirani wanajua. Hapo kuna mgogoro wa kutosha kujaza kurasa mia tatu, na wahusika ni sisi sote. Nanyi mnaoandika katika kumbi hizi, kalamu mnazo.