Chuma Kimenyooka, Tyuni Imepinda

Mpangilio huu mmeshauona mara nyingi. Gitaa la kawaida la mbao limelazwa mapajani, kipande cha chuma kimepenyezwa chini ya nyuzi kule kichwani ili ziinuke zisiguse freti, kidole gumba kimevaa kucha yake ya plastiki, na soketi ya spana imeshikwa vizuri kwa vidole vitatu. Hadi hapo hakuna la kulaumu. Kisha anayejifunza anaanza kupiga huku nyuzi zikiwa bado E, A, D, G, B, E, vilevile zilivyokuwa gitaa lilipokuwa limepakatwa. Hapo ndipo kazi inapoharibika, kabla chuma hakijagusa uzi hata mmoja. Miezi miwili baadaye utamsikia akisema gitaa la Hawaii ni gumu, halina kodi (si ile ya TRA), lina sauti ya kulia tu. Gitaa halina kosa, ila limelazwa bila kuambiwa kwamba limelazwa.

Kosa lenyewe ni hili. Mpiga gitaa la kawaida ana vidole vinne vinavyopinda, kila kimoja na freti yake, kwa hiyo tyuni ya E hadi E inamfaa: haimpi kodi ya bure, lakini inamrahisishia kuzitengeneza zote. Chuma hakipindi. Popote kitakapolala kinazigusa nyuzi zote sita kwenye mstari mmoja, na kodi utakayoisikia ni ileile ya nyuzi zikiwa wazi, imehamishwa tu juu au chini. Mkono wa kushoto hautengenezi kodi, unaibeba. Sasa piga nyuzi za kawaida zikiwa wazi, zote sita, usikie unachokwenda kukibeba: E, G, A, B na D kwa pamoja, rundo ambalo halicheki wala halilii. Ukilipeleka freti ya tano ni rundo lilelile, ukilipeleka ya saba ni hilohilo. Na dawa yake haina gharama. Uzi wa sita ushushwe kutoka E hadi D, wa tano kutoka A hadi G, wa kwanza kutoka E hadi D. Tatu za kati zisiguswe. Ni nyuzi tatu tu, kila mmoja kwa kiasi cha freti mbili, na zote zinalegezwa, kwa hiyo hakuna wa kukatika. Umepata G kamili nyuzi zikiwa wazi na tena kwenye freti ya 12, C kwenye ya tano, D kwenye ya saba. Nyimbo ngapi za kwaya kati ya Bunda na Musoma zinahitaji zaidi ya hizo tatu?

Wahawaii wenyewe walianzia hapohapo. Kabla Joseph Kekuku wa Oahu hajaanza kuteleza na chuma juu ya nyuzi mwishoni mwa karne ya 19, watu wa visiwa vile tayari walikuwa na desturi ya kulegeza nyuzi hadi zitoe kodi zikiwa wazi. Chuma kilikuta kodi inakisubiri. Huku Mara hatuhitaji hata kwenda mbali hivyo. Ritungu la Wakurya lina nyuzi nane na halina freti hata moja. Nyatiti ya Wajaluo wa Rorya ni hivyohivyo. Hakuna anayeweza kuanza kupiga ritungu kabla hajalikaza, kwa sababu wimbo wote umo katika kule kukaza. Mzee anakaa, anavuta uzi, anasikiliza, anarudi kuukaza ule wa jirani, na wasiojua wanadhani bado hajaanza. Anayetoka kwenye mila hiyo kisha akalaza gitaa bila kuligusa kichwani ameacha somo nyumbani kwao akaenda kulitafuta kwenye simu. Lawama nyingine naipeleka kwenye kinanda kinachojipigia midundo, ambacho kimetulelea wanamuziki wanaokuta kila sauti imeshapangwa kiwandani.

Wakubwa wa zamani hawakuona aibu kuvuruga nyuzi. Zacharie Elenga, yule aliyejulikana kama Jhimmy, aliporekodi na lebo ya Opika kule Léopoldville, jina la Hawaii lilimfuata kwa sababu ya gitaa lake. Dokta Nico naye alilitumia gitaa la Hawaii, na huyo ni mtu ambaye kwa vidole vitupu tu tayari alikuwa amewamaliza wenzake. Hata kwenye gitaa la kupakata, Wakongo walitoa uzi wa nne mnene wakaweka mwembamba unaolia oktava moja juu, wakaita mi-composé, na rithimu ikapata ule mng'aro ambao hadi leo tunaufukuzia kwa mashine. Walianza na nyuzi, vidole vikafuata.

Wako watakaonijibu, na jibu lao lina uzito. Watasema nyuzi tatu za kati za tyuni ya kawaida, D, G na B, tayari ni G kamili, na tatu za juu, G, B na E, ni E minor. Kwa hiyo aliyeacha nyuzi zilivyo ana kodi za aina mbili, wakati tyuni yangu ina moja. Ni kweli. Lakini ili apate hizo mbili inabidi kila mara azizime nyuzi tatu nyingine, kwa kiganja cha kulia na kwa vidole vya kushoto vinavyoburutwa nyuma ya chuma, na kuzima ndiyo kazi ya mwisho mkono mgeni kuiweza. Tunampa anayeanza mtihani wa mwaka wa tatu siku ya kwanza, ilhali bado hajajifunza kwamba chuma kinalala juu kabisa ya freti, si nyuma yake kama kidole. Na minor haijapotea. Kwenye freti ya 10, uzi wa pili na wa kwanza zinatoa A na C. Besi akikushikia A, hakuna atakayekuuliza E imekwenda wapi.

Wanaopendekeza tyuni ya C6 nawaheshimu, ila C6 inataka seti yake ya nyuzi. Kwa nyuzi za dukani ule wa nne utatakiwa kupanda freti tano nzima, na utakurudia usoni. Tyuni ya dobro, G, B, D mara mbili, nayo inazikaza mbili zilizo nene zaidi kuliko gitaa la kupakata lilivyotengenezwa kustahimili. Legeza tu.

Jambo moja limebaki, na linahusu uzi wa pili, B. Ukiikaza kwa programu ya simu mpaka taa ya kijani iwake, kisha ukapiga nyuzi zote kwa pamoja, utasikia kitu kinatetemeka ndani ya kodi. Freti moja ikigawanywa mara 100, B iliyo tamu ndani ya G iko chini ya ile ya simu kwa sehemu kama 14. Kwenye gitaa la kupakata vidole na freti vinaificha tofauti hiyo, chuma kinaianika. Legeza kidogo, sikiliza, legeza tena kidogo, hadi mtetemo utulie. Simu itawaka nyekundu, iache iwake.