Kiu ya Adui

Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kimoja mizani nane. Vitatu vya mwanzo vinaoana kwa kina kimoja. Cha nne kinashika kina cha bahari, na kina hicho hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, hata utenzi uwe wa beti elfu. Sijaona umbo la ushairi linalomfaa zaidi askari anayesutwa na nafsi yake. Katika vipande vitatu mpeleke utakako: sokoni, shambani, harusini. Cha nne kitamrudisha palepale.

Watunzi wetu wakubwa wa vita walilitumia umbo hili kwa kazi nyingine. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga Wajerumani walivyoitamalaki Mrima. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi akatunga Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Shaaban Robert akaitungia Vita Kuu ya Pili maelfu ya beti, na Henry Muhanika akafuata mwaka 1981 na utenzi wa vita vya Kagera na anguko la Idi Amin. Ni kazi za heshima, na nyingine nazisoma mpaka leo kwa sauti. Kwa sehemu kubwa zinahifadhi tarehe ya watu: nani alianza, nani alishinda, nani alikufa wapi. Usiku wa askari mmoja na nafsi yake haukuwa shughuli yao.

Aliyeushika usiku huo kwa ustadi ni Mwingereza, Wilfred Owen. Mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, alitibiwa kiwewe cha vita katika hospitali ya Craiglockhart, Edinburgh, kisha akarudi mstari wa mbele na kuuawa Ufaransa tarehe 4 Novemba 1918, akiwa na miaka 25. Siku hizohizo vita hivyo vilikuwa vinapita huku kwetu Songwe. Tarehe 1 na 2 Novemba kikosi cha Wajerumani cha Lettow-Vorbeck kiliishambulia ngome ya Waingereza ya Fife, ng'ambo tu ya Tunduma, kikashindwa kuiteka, kikashika njia ya Kasama, hadi kikasalimu amri tarehe 25 pale Abercorn, ambayo leo ni Mbala. Mwafrika aliyepigana vita vile alijengewa sanamu Dar es Salaam mwaka 1927. Pale amesimama na bunduki yake mkononi, mwili wote uko vitani. Sanamu haiwezi kutuonyesha zaidi ya hapo. Ubeti unaweza.

Katika shairi lake "Strange Meeting", Owen anamteremsha askari kwenye shimo refu la giza, na humo anakutana na mtu aliyemuua jana yake. Marehemu hamlaani. Anazungumza naye kwa upole juu ya maisha ambayo wote wawili wameyakosa. Kama angefoka, msomaji angepata la kumjibu, upole haujibiki. Na vina vyenyewe Owen alivipinda makusudi: konsonanti zinalingana, irabu zinaachana, sikio linangoja kina kitulie nacho hakitulii. Maumivu ameyaweka kwenye mlio wa shairi, hayakuachwa kwenye maelezo tu. Kila nikilisoma shairi lile navua kofia.

Lakini Owen ilimbidi atafute ndoto ili adui aongee akaeleweka. Askari wetu wa Kagera hakuhitaji ndoto. Jeshi la Amin lilisema Kiswahili, jeshi letu, JWTZ, lilisema Kiswahili. Jeshi la Uganda lilitokana na KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, na Amin mwenyewe aliingia KAR mwaka 1946. Kwa hiyo kati ya Oktoba 1978 na mwaka uliofuata kijana wa Kitanzania aliweza kulisikia neno la mwisho la adui yake na kulielewa lote. Huu ni utajiri mchungu ambao ushairi wa vita wa Ulaya haukuupata kirahisi, na kwa maoni yangu hapa ndipo utenzi mpya wa vita unapopaswa kuanzia.

Nimejaribu beti mbili. Askari wangu ni wa kubuni, na nimempa makazi Kamsamba, kule bondeni ambako mto Momba unaelekea Ziwa Rukwa, nchi ya mpunga na ng'ombe.

Alisema lugha yangu
Akaomba kwa uchungu
Maji ya chupani mwangu
Nikapita sikutua.

Sasa nipo Kamsamba
Nina mpunga na nyumba
Jirani na mto Momba
Kiu yake yanijia.

Hakuna damu humu, wala risasi. Askari hata hasemi kama ndiye aliyempiga yule mtu. Anachokikiri ni kupita, na mkosaji wa kweli mara nyingi hukiri kosa dogo kwa sababu kubwa halitamkiki. Ile chupa ya maji, kitu cha kawaida kiunoni mwa kila askari, inatosha kuwa shahidi.

Tazama na vitenzi. Katika ubeti wa kwanza vinafuatana mbiombio, alisema, akaomba, nikapita, kama gwaride linalosukumwa kutoka nyuma. Katika ubeti wa pili mtu ametulia. Anataja neema zake tatu, makazi, mavuno na maji, bila kitenzi hata kimoja cha mwendo. Kinapofika kipande cha nne, kinachotembea ni kiu, na si yake. Anaishi kando ya mto, maji yapo usiku na mchana, na hayawezi kumfikia aliyeyaomba. Neno majuto nimelikataa kwa makusudi, na hatia vilevile. Mtunzi akishayataja, msomaji hana tena kazi ya kufanya, na machungu ya askari yanageuka taarifa.

Huo ndio ufundi ninaouheshimu kuliko tashbihi zote za mizinga na radi. Unadai subira, maana kishawishi cha kulia kwenye karatasi ni kikubwa.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 Kampala ilipoanguka, tarehe 11 Aprili 1979, sasa amepita 65. Wengi wao walirudi vijijini, wakashika jembe, na watu wakawazoea. Watunzi wa Songwe, na ninyi walimu wa Kiswahili wa wilaya ya Momba, nendeni mkawaamkie wazee hawa na kukaa nao. Msiwaulize walishinda vipi, hilo limeshatungwa. Waulizeni ni nani bado anawajia. Mzee akinyamaza, mwacheni anyamaze, mrudi siku nyingine.