Pigo la Mkono wa Ndugu katika Tenzi za Vita

Mwanzoni mwa Novemba 1978, siku chache baada ya majeshi ya Idi Amin kuvuka mpaka na kuikalia ardhi iliyo kaskazini ya mto Kagera, mizinga ya kutungulia ndege iliyowekwa Musoma iliangusha ndege tatu za kivita. Zilikuwa ndege za Tanzania. Mwezi uliotangulia ndege za Uganda zilikuwa zimekwisha kuushambulia mji wa Bukoba, na askari waliokaa kwenye mizinga walikuwa na kila sababu ya kuishuku sauti yoyote itokayo angani. Walifanya lile walilofunzwa, tena walilifanya vyema, na shabaha yao ikapata. Tukio hili wanahistoria wamelitaja, wakiwamo Tony Avirgan na Martha Honey katika kitabu chao cha 1982, wala mimi sina la kuwaongezea. Ninalouliza ni la fasihi: je, mtunzi wa Kiswahili akitaka kuliimba jambo hili, aliweke katika bahari gani?

Vita vile havikukosa watunzi. Baldwin Mzirai alitoa *Kuzama kwa Idi Amin* mwaka 1980, na Henry Muhanika akatoa *Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada* mwaka 1981, mbali na nyimbo za kwaya na bendi ambazo redio ilizieneza hata vijiji vya mbali. Sina nia ya kuwakosoa watunzi hawa mmoja mmoja. Lakini msomaji na ayatazame majina ya vitabu yenyewe. Kuzama, anguko. Tendo la kuanguka limekwisha kupewa mwenyewe, naye ni adui. Basi ndege yetu ikianguka, tena kwa mkono wetu, neno la kuisemea tumekwisha kulitumia kwingine.

Utenzi wa vita ni mtambo wa zamani. Tangu Mwengo wa Athumani alipotunga habari za Herekali mwaka 1728, umejengwa juu ya pande mbili zinazotazamana: ahadi hutolewa, watu hutoka, hupigana, na anayekufa huuawa na mtu wa upande wa pili. Wala si kweli kwamba utenzi hujua kuimba ushindi tu. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy aliviimba vita vya Wadachi vya Mrima, ambavyo watu wake walishindwa, na utenzi ukaubeba msiba ule pasipo kutetereka. Kushindwa kuna adui. Pigo la ndugu halina, na hapo ndipo mtambo unapokwama.

Mfano wa kinyume upo ng'ambo ileile ya ziwa. Mwaka 1979 ndege ya Libya ya kutupa mabomu, iliyotumwa kumsaidia Amin, ililenga Mwanza ikakosa, na waliouawa wakawa swala wa kisiwa cha Saanane. Habari hii husimuliwa kwa kicheko, na ina kila kitu ambacho msimulizi hukitamani: adui mwenye nguvu, kiburi chake, na aibu yake. Nimeisikia Kaisho, mbali kabisa na Mwanza, kutoka kwa wazee ambao habari ya Musoma hawakuitaja hata mara moja. Siwalaumu. Kisa cha swala kimekuja kwao kikiwa kimekwisha kuvikwa nguo; cha Musoma kiko uchi.

Lugha nayo imetupa nguo mbili tu, na zote hazimfai. Ya kwanza ni kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii hutaka hila: mdudu aliye nguoni anajua anachokifanya. Ndiyo methali ya Fumo Liyongo, aliyechomwa kitovuni na mwanawe aliyehongwa na mfalme wa Pate. Mpiga mzinga wa Musoma hakuhongwa na mtu. Ya pili ni ajali haina kinga. Hii hufuta mkono wa mwanadamu kabisa, kana kwamba ndege zilipigwa na radi. Lakini mkono ulikuwapo, na jicho lililopima lilikuwapo, na mapenzi ya nchi yalikuwapo. Kati ya hila na majaliwa pana nafasi kubwa ambayo methali zetu zimeipita upesi mno: kosa la mtu mwema aliye kazini. Hata jina lake hatuna. Tukisema "kuuana wenyewe kwa wenyewe" msikilizaji hufikiri juu ya ugomvi wa nyumbani.

Mataifa mengine yameikalia nafasi hiyo kwa muda mrefu. Firdausi wa Uajemi alimfanya Rustam amuue mwanawe Suhrab vitani pasipo kumjua, na wasomaji wetu wanaye *Mfalme Edipode* katika tafsiri ya S. S. Mushi ya 1971, aliyemuua babaye njiani akidhani ni mgeni. Yamkini mtu atasema kwamba hizo ni hadithi za wafalme, na mpiga mzinga ni mtu mdogo. Pingamizi hilo halina uzito. Ukubwa wa kisa hutoka katika kutojua, wala hautoki katika taji.

Huku kwetu Kagera twaweza kutazama pia nanga. M. M. Mulokozi, katika tasnifu yake ya 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliwachunguza wapiga nanga wa Wahaya kama watunzi wa tendi kamili. Nanga ina faida moja ambayo utenzi ulioandikwa umeikosa: mtambaji huweza kunyamaza na kuziacha nyuzi peke yake zikaendelea. Kwa kisa kama hiki, kunyamaza huko ni sehemu ya utungo.

Hata hivyo, kama ningeulizwa na kijana mwenye kalamu, nisingemwambia aanze na utenzi wala na nanga. Ningemwelekeza kwenye mashairi ya kujibizana, ambayo Waswahili wameyazoea tangu zamani kwa mafumbo, mashindano na matusi. Katika majibizano kila mmoja hushika ubeti wake, vina vya mmoja humfunga mwenziwe, na hakuna sharti kwamba mmoja awe adui. Rubani apewe ubeti wa kwanza, akiyaona maji ya ziwa na mji wa Musoma chini yake, akidhani amefika kwao. Mpiga mzinga ajibu kwa vina vilevile.