Fomu na Barua

Wako watu wanaohakiki riwaya na tamthilia, nami nawaheshimu. Mimi riziki yangu naipata kwenye mitambo, hivyo nimejizoeza kusoma programu kama wao wasomavyo vitabu. Leo naomba kuhakiki kazi moja ambayo huenda msomaji hajapata kuifungua, ingawa imo ndani ya simu yake ikiwa ni ya Android: namna Linux inavyokipa kiendeshi maelezo ya kifaa. Kiendeshi, au draiva kama tuiitavyo karakana, ni ile programu ndogo inayojua lugha ya kifaa kimoja. Lakini kuijua lugha hakutoshi. Lazima kiambiwe kifaa kimefungwa kwenye pini ipi, kwa anwani ipi, na kisubiri kwa muda gani kabla ya kusema nacho.

Zamani kiendeshi kiliambiwa hayo kwa fomu. Mwandishi wa kiendeshi alichora fomu yenye visanduku vyake, na mwenye bodi akaandika faili la lugha ya C, akavijaza kimoja kimoja, kisha yote yakapikwa pamoja kuwa programu moja. Kwa mashine chache haikuwa shida. Ila bodi za ARM ziliongezeka kama uyoga baada ya mvua, na kila moja ilikuja na faili lake. Mwezi Machi 2011 Linus Torvalds, mwenye Linux yake, alilalamika waziwazi, tena kwa maneno makali, juu ya vurugu iliyokuwa inaingia kwenye sehemu ya ARM. Nathubutu kusema alikuwa na haki.

Dawa haikuwa ngeni. Ni mti wa vifaa, fikra iliyotoka kwenye Open Firmware, kanuni iliyochapishwa na IEEE mwaka 1994 na kutumika kwenye mashine za Sun na za Apple. Maelezo ya bodi yanatolewa nje ya programu na kuandikwa kwenye faili la pekee, kwa majina na thamani. Kufikia Desemba 2012, toleo la 3.7 la Linux liliweza kuwaka kwenye mashine za ARM za ukoo tofauti bila kupikwa upya kwa kila ukoo. Halafu mwaka 2015, katika toleo la 3.19, likaja pambo la mwisho: kiendeshi kinauliza jina tu, bila kujali jibu limetoka kwenye mti wa vifaa au kwenye majedwali ya ACPI ya kompyuta za kawaida. Niliposoma mabadiliko hayo nilifurahi kama mtu aliyefagia stoo. Kwenye kiendeshi kimoja nilichokuwa nakitunza nilifuta nusu nzima iliyokuwa ikijaza fomu ile ile kwa njia mbili. Ni kazi safi.

Sasa nieleze kwa nini siipendi kama nilivyoipenda.

Miaka michache iliyopita tulipeleka mtambo mdogo kwenye kijiji kimoja wilayani Handeni, mahali ambapo maji si mzaha. Tangi liko kilimani, pampu iko bondeni, na mwendesha pampu alikuwa hana budi kupanda kilima ili ajue tangi limejaa au la. Kifaa chetu kilikuwa kimuulize kipimo cha tangini, kwa waya wa RS-485, kisha kimwashie taa bondeni. Fedha zilitoka kwenye mauzo ya ndoo, shilingi juu ya shilingi, zikitunzwa na kamati ya maji. Kwenye waya wa namna hiyo wote wanatumia njia moja, hivyo kuna kigeuzi kinachoambiwa sasa sema, sasa nyamaza. Siku ya mwisho kigeuzi tulichokizoea hakikupatikana dukani. Tukanunua kingine, ambacho amri yake ya kusema iko kinyume. Jambo dogo: unaongeza kwenye mti wa vifaa jina moja, "rs485-rts-active-low". Mimi niliandika "rs485-rst-active-low". Herufi mbili zilipishana.

Hakuna aliyenipigia kelele. Faili lilipikwa bila onyo, bodi ikawaka, kiendeshi kikatoa taarifa yake ya kawaida kwamba kiko tayari. Jina hilo ni la aina ya kuwapo au kutokuwapo. Kiendeshi kilipolitafuta jina sahihi na kulikosa, kilielewa kwamba nimesema hapana. Basi kila kilipotaka kuuliza, kigeuzi kilinyamaza. Na kila kipimo kilipotaka kujibu, kigeuzi chetu kilikuwa kimeishika njia. Siku tatu nilibadilisha nyaya, nikabadilisha kipimo, nikapanda kile kilima mara nisizozihesabu. Siku ya tatu jioni mzee mwenyekiti wa kamati alinifuata. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, kisha akasema: "Mwanangu, watu wameanza kuniuliza hela yao imekwenda wapi." Sikuwa na la kumjibu, maana sikujua.

Fomu isingeniacha hivyo. Ukibuni kisanduku ambacho hakimo, kompaila inakukatalia hapo hapo, ukiwa bado mezani kwako na chai yako. Mti wa vifaa si fomu, ni barua. Unaandika upendavyo, na mpokeaji anachukua analolijua, mengine anayaruka bila kusema neno.

Nisiitukuze mno fomu. Kiendeshi kiliipokea kwa mkono usioona: ilipitishwa dirishani bila kutaja ni ya idara gani, na ukimpa mtu wa ardhi fomu ya leseni, kompaila haikushtuka. Nimewahi kuliona hilo pia. Tena kuruka majina yasiyojulikana kuna sababu yake: mti mpya unapaswa kuweza kusomwa na Linux ya zamani, na kama kila jina geni lingekuwa kosa, bodi nyingi zisingewaka. Na mwishoni mwa miaka ya 2010 waliongeza vyombo vya kukagua mti dhidi ya maelezo rasmi ya kila kifaa. Kijana mmoja ninayefanya naye kazi hunikumbusha hilo kila nikianza kulalamika. Namwambia kweli, ila Linux tuliyopewa na muuza bodi ilikuwa kuukuu, na hata ingekuwa mpya, chombo hicho kinangoja mtu akumbuke kukiendesha. Kompaila haikungoja kukumbukwa.

Hapo ndipo lilipo shtaka langu. Walioupanga upya mfumo huu waliwarahisishia wenye viendeshi, nao ni wengi na wanastahili. Mzigo wa kuhakikisha maneno umesogezwa hadi kwa mtu wa mwisho, yule aliye shambani, mbali na kitabu, akiwa na betri inayoisha. Kingetosha kidogo sana: kiendeshi kinapowaka kiandike, kwa mstari mmoja, nimesoma hivi, na hivi sikuviona.

Kosa nililiona usiku wa nne, katika nyumba ya wageni, nikilisoma faili kwa sauti herufi kwa herufi. Asubuhi taa ya bondeni iliwaka. Mzee aliitazama kitambo, akaniuliza kilichokuwa kimeharibika. Nilimwambia niliandika neno vibaya. "Na mashine haikukwambia?" akauliza.

Mstari ule nimeuongeza kwenye nakala yetu.