Sensa ya joto ifungwe chini ya plagi

Droni ya Wingcopter iliyopeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe mwaka 2018, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi, ilitumia betri. Wanaounda ndege za mfano za petroli hufuata muda mrefu zaidi wa kukaa angani, na hapo joto la injini huwa jambo la kufa na kupona. Injini ikikwama juu ya maji ya Musoma, ndege haina pa kutua. Rubani hutegemea namba inayotumwa na sensa hadi kwenye rimoti yake, na namba hiyo huaminika kutegemea mahali sensa ilipofungwa.

Fundi wa Bunda aliyewahi kufungua msumeno wa mnyororo hatapotea hapa: silinda moja, mipigo miwili, oili ndani ya petroli, mapezi ya kupozwa na upepo. Upepo wenyewe ndio unaopotosha vipimo. Mapezi ya mbele hupigwa na hewa ya propela, ya nyuma hupata hewa iliyokwisha kupata moto, hasa upande wa ekzosi. Wengi hufunga mbele kwa kuwa waya unafika kirahisi, kisha rimoti inasoma salama huku pistoni ikianza kukwaruza.

Mimi naona pazuri kuliko pote ni chini ya plagi, kwa sensa ya themokapo yenye pete. Pete iingie badala ya washa, isikae juu yake, maana plagi itanyanyuka na mlipuko utakuwa dhaifu. Plagi nyingi za injini hizi ni CM6, yenye uzi wa milimita 10, kwa hiyo pete ya plagi ya gari haifai. Viungo vya waya karibu na silinda vibanwe kwa koleo; risasi ya kawaida ya kuchomea huyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi.

Kuna adui mwingine, koili inayolisha plagi. Themokapo ya aina ya K hutoa takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja, na pembeni yake waya wa plagi unapitisha maelfu ya volti. Nyaya mbili za sensa zisokotwe pamoja, zikikutana na waya wa plagi ziukate msalaba, zisiambatane nao. Kisanduku cha telemetria, kinachotuma namba kwenye rimoti, kikae mbali na injini, karibu na risiva.

Halafu kuna mwinuko. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari, na Butiama ni juu zaidi. Hewa ni nyepesi, hivyo kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam humwaga petroli kupita kiasi ikifika huku. Fundi anabana skrubu mpaka moshi ukatike, injini inachangamka. Ndege hiyohiyo ikirudishwa pwani bila kulegezwa skrubu, petroli itapungua mno na silinda itachemka. Kila safari ya namna hiyo ianze na kuruka kwa muda mfupi huku ukiangalia joto, ulilinganishe na lile uliloandika mara ya mwisho, sensa ikiwa palepale.

Usizime telemetria mara tu baada ya kutua. Propela ikisimama upepo unakatika, na joto la silinda huendelea kupanda kwa muda. Kilele hicho cha ardhini kiandikwe peke yake, kisichanganywe na cha angani.