Shoka la Tales

Kitabu cha José Rizal, El Filibusterismo, kilichopigwa chapa mwaka 1891, nimekisoma mara tatu kwa tafsiri ya Kiingereza. Nilipokuwa mkufunzi kijana nilimfuata Simoun, tajiri mwenye kisasi. Sasa uzeeni naona moyo wa kitabu uko kwa Tales, mkulima wa Ufilipino.

Alifyeka msitu; homa ikamwulia mke na binti mmoja. Shamba lilipoanza kuzaa, watawa wakadai ni lao. Kodi ikaanza na peso 20 au 30, ikapanda hadi 200. Juu ya hayo akapewa cheo cha kukusanya kodi ya serikali, na wasiolipa akawalipia mwenyewe. Hapo Rizal aliona mbali. Tumezoea kusema mnyonge huonewa kwa kukosa cheo. Huyu alizidi kufukarika kwa kupewa.

Alipogoma kulipa, kesi ikamshinda. Akalilinda shamba kwa bunduki. Bunduki zikapigwa marufuku. Akashika panga, nalo likakatazwa. Akabaki na shoka. Kurasa hizo chache zazipita hotuba zote za Simoun, ambazo (niseme kweli) siku hizi huziruka.

Rizal aliyajua haya: jamaa zake walikuwa wapangaji wa watawa wa Kidominiko huko Calamba, wakafukuzwa. Lakini Tales akishaingia porini twamwona kwa mbali tu. Maneno ya mwisho wameachiwa wasomi wawili, padri na Simoun. Kasoro hiyo ni yetu walimu. Miaka mingi nilifundisha uraia nikiamini kwamba ajuaye haki yake ataipata. Tales aliijua, hata mahakamani alikwenda.

Wala si mambo ya kale. Mkoani Tarlac, ukoo wa Cojuangco ulinunua shamba la miwa la Hacienda Luisita mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa msaada wa mikopo ya serikali. Sheria ya kugawa ardhi ya mwaka 1988 ilitiwa saini na Rais Corazon Aquino, binti wa ukoo huohuo, nayo ikaruhusu wafanyakazi wapewe hisa za kampuni badala ya ardhi. Mwaka 1989 walipigishwa kura. Zaidi ya asilimia 90 wakakubali hisa. Wangekataaje, hali mwajiri, mwenye ardhi na mtunga sheria ni jamaa wa nyumba moja? Novemba 2004 watu saba waliuawa kwa risasi katika mgomo wao. Amri ya mwisho ya Mahakama ya Juu, kwamba wagawiwe ardhi yenyewe, ilitoka mwaka 2012.