Sifa za Mnyoosha Reli ya Kiti

Miongoni mwa sanaa ambazo watu huzipita kila asubuhi bila ya kuzitolea salamu, naipa daraja ya juu ile ya fundi wa Majengo, mjini Mpanda, aketiye kivulini na reli ya kiti cha Land Cruiser kuukuu mapajani, akiitazama kwa jicho moja tangu ncha hadi ncha, asiinue nyundo mpaka atambue ilianza kupinda wapi na ikaishia wapi. Gari lenyewe limezoea magunia ya mpunga na abiria wa ziada, hata kiti cha dereva kikagoma kwenda mbele wala nyuma. Na kwa kuwa Mpanda ni mwisho wa tawi la reli litokalo Kaliua, kipuri cha kuagizwa huchelewa, na aghalabu bei yake haina huruma.

Boliti zilizoshikwa na kutu hunyweshwa dizeli zikaachwa; springi na komeo lenye meno huwekwa kando, maana moto ukivifikia huvipotezea ukakamavu. Kisha reli hubanwa jiriwani, na kazi huanzia kwenye pindo la mwisho, ikirudi nyuma kwa njia ileile chuma kilimopitia. Pindo dogo hunyooshwa baridi, tena hupitishwa kidogo kuliko unyoofu, kwani chuma kikiachiwa hurejea kiasi. Kunjo kali hutiwa makaani hadi liwe jekundu, likaachwa lipoe lenyewe. Wako wenye papara wamwagiao maji, nami siwasifu. Reli ya pili, iliyo nzima, ndiyo mizani: zisipokwenda sambamba, kiti hakitateleza.

Kusini ya hapa, Wafipa waliyeyusha chuma katika matanuri marefu kuliko mtu, yaliyojivutia hewa kwa mabomba ya udongo, kisha wakakisafisha katika tanuri dogo la mivukuto. Sidai kwamba fundi wetu ni mrithi wao. Nasema tu kwamba nchi hii haikuanza jana kukielewa chuma.

Lakini ustadi wake mkubwa nauona pale anapokataa. Akikuta ufa penye kunjo, hata ulio mwembamba, hainyooshi reli wala haichomelei, mwenye gari aongeze fedha asiongeze, kwani kiti kikichomoka dereva anapofunga breki ghafla, humtupa kifua juu ya usukani. “Mzee, hii tafuta nyingine,” humwambia, akamrudishia chuma chake, na kudai ujira wa kufungua boliti peke yake.